Waraka kwa wandugu wa meza: juu ya pointi tunazozipa raketi



Waraka huu ni wenu nyote mlioko hapa Pinga, upande wa Masisi na upande wa Walikale, na ni wenu ninyi ambao vita vimewasukuma hadi Mweso, Kitshanga, Sake, Goma na kwingine, mkaondoka na raketi kwenye mfuko wa nguo kabla hata ya kukumbuka sufuria. Nawaandikia kama yaya anavyowaandikia wadogo zake: kwa upendo, lakini safari hii na kwa majonzi. Naomba waraka huu usomwe kwa sauti popote watu wetu wanapokusanyika kuzunguka meza ya tenisi, iwe ya mbao au ya simenti, na usomwe wote, kwa maana anayesikia nusu yake ataondoka akidhani nimekuja kugomba tu.

Daftari letu la vifaa limenirudia baada ya kuzunguka kwenu. Mnakumbuka lilianzishwa kwa nini. Mtu akipata raba mpya, ubao mpya au hata mipira tu, aandike alivyokiona kitu hicho, akipe pointi juu ya kumi kwa kasi, kwa mzunguko na kwa utulivu, ili anayekuja nyuma yake asitupe pesa mtoni. Nimekaa nalo nikalisoma toka jalada hadi jalada. Tisa. Tisa na nusu. Kumi. Nane, na aliyeandika nane ameomba radhi. Ukurasa baada ya ukurasa, kana kwamba tangu dunia iumbwe hakuna raketi mbaya iliyowahi kuvuka mpaka kuingia Kivu. Lakini raketi hizo mimi nazijua. Nyingine raba zake zilibanduka kabla ya msimu wa mvua kwisha, nyingine mpini ulilegea ukawa unacheza mkononi, na wenyewe hawakulirudia daftari kusahihisha kumi zao. Mdogo wetu mmoja aliuza mbuzi kwa kuziamini kumi hizo. Alipoletewa raketi akaipiga, akaona mpira hauendi anakotaka, hakumlaumu mtu. Alidhani kosa ni la mkono wake, kwa sababu daftari la wakubwa limesema kumi. Hilo ndilo lililonikosesha usingizi, wandugu: si hasara ya mbuzi, ni kijana kuacha kuamini mkono wake kwa ajili ya tarakimu tuliyoiandika kwa uvivu.

Na hasara yenyewe si ndogo. Mtu wa Nairobi akinunua raba isiyomfaa, atapanda gari kesho aende kuibadilisha. Sisi kifaa kinatufikia kwa kupokezana mikono, kupitia njia ya matope na vizuizi ambavyo kila kimoja kina ushuru wake. Tangu uwanja wa ndege wa Goma ulipofungwa Januari 2025 njia imezidi kuwa ndefu. Kikishafika, kimefika. Hakuna wa kumrudishia. Kwa hiyo neno la aliyekitumia kabla yetu ndilo dhamana pekee tuliyo nayo, na dhamana hiyo ndiyo tunayoichezea.

Hebu tukumbushane sisi ni watu wa namna gani. Tunacheza bila mwamuzi. Mpira wa gramu 2.7 ukikwaruza ukingo wa juu wa meza, pointi ni ya aliyeupiga, na mara nyingi anayeona vizuri kwamba umegusa ni yule aliyeshindwa kuurudisha, kwa kuwa yeye ndiye aliye karibu nao. Na kwetu ni yeye anayesema: umegusa. Hasubiri kuulizwa. Hata ikiwa ni kumi kwa kumi katika seti ya mwisho, hata kama wanaotazama ni shemeji zake, anainua kidole na kuitoa pointi. Watoto wetu wanafundishwa kidole hicho kabla ya kufundishwa kushika raketi. Nimewaona wageni waliopita hapa, watu wa mashirika, wakitazamana kwa mshangao, wakidhani kijana amekosea kuhesabu. Sasa mtu huyohuyo, ambaye hawezi kuficha mkwaruzo mdogo uliosikika na yeye peke yake, ukimpa kalamu anaandika kumi kwa raba aliyoigusa jioni moja. Kwa nini mkono unaosema kweli juu ya mpira useme vinginevyo juu ya raketi?

Sisemi vifaa ni upuuzi. Wapo wazee watakaowaambia kwamba fundi wa kweli atashinda hata na kibao cha kukatia sombe. Wanafurahisha baraza, lakini historia ya mchezo wetu inawakatalia. Mwaka 1952, katika mashindano ya dunia yaliyofanyika Bombay, Mjapani Hiroshi Satoh alikuja na raketi iliyovikwa sponji nene. Wenzake walizoea raketi za raba ya vipele, ambayo mlio wake humwambia mpinzani mpira unakuja vipi. Ya Satoh ilikuwa karibu bubu. Wakubwa wa Ulaya walipapasa kama watu gizani, naye akaondoka bingwa wa dunia. Hakuupata ubingwa huo tena. Mwaka 1959 shirikisho la dunia, ITTF, likaweka kanuni juu ya unene wa raba na sponji, na hadi leo raba, sponji na gundi yake kwa pamoja havitakiwi kuzidi milimita 4. Miaka ya 1980 ikaja kanuni ya rangi mbili, kwa sababu wapo waliokuwa wakiweka raba mbili zenye tabia tofauti kabisa lakini rangi moja, kisha wanaigeuza raketi mkononi mpinzani asijue ni upande gani uliompiga. Basi kifaa kina nguvu, na ndiyo maana nataka tukiseme kwa ukweli. Kama raketi zote zingekuwa sawa, daftari lingekuwa la kuchezea watoto, nami nisingekuwa na haja ya kuandika.

Nawaomba sasa mnivumilie, nieleze kwa nini pointi zetu hazisimami, hata pale ambapo aliyeziandika hana hila. Wengi wenu mna moyo safi na bado mmepotosha watu.

Tuanze na kumi yenyewe. Kumi ya nani? Muuza maharagwe wa juu ya soko akiwa na kopo lake na wa chini akiwa na lake, na makopo hayalingani, kusema umenunua makopo kumi si kusema lolote mpaka tulione kopo. Ndivyo ilivyo kwa tarakimu zilizochapwa kwenye pakiti za raba. Kila kiwanda kina kipimo chake cha kasi na cha mzunguko, na hakuna chombo cha dunia kinachovilinganisha. Hata ugumu wa sponji, ambao ungedhani ni jambo la kupimwa tu, unatajwa kwa digrii zisizofanana: sponji ya Kichina iliyoandikwa 39 ni ngumu mkononi, na raba ya Kijerumani iliyoandikwa 45 inaweza kuwa laini kuliko hiyo. Mtu wetu anasoma 39 na 45, anaamua kwamba 45 ndiyo ngumu, anaandika hivyo katika daftari, na anayemfuata anaisoma kama amri. Nimekuta kurasa kadhaa ambapo pointi za ndugu ni zilezile za kwenye pakiti, zimenakiliwa. Hizo si pointi za mtumiaji. Ni tangazo la biashara lililoandikwa kwa mkono.

Kisha kuna mwili wa mpigaji. Raba ya kasi mkononi mwa anayekata mpira akiwa mbali na meza si raba ileile mkononi mwa anayebana karibu. Raba moja huuzwa ikiwa na sponji ya milimita 1.5, ya 1.8, ya 2.0 au zaidi, na hizo ni kama raba tofauti. Katika daftari letu karibu hakuna aliyetaja unene. Wala hatutaji ubao. Raba haichezi peke yake. Ibandike kwenye ubao mwepesi wa mbao tupu, kisha uibandike kwenye ubao wenye tabaka la kaboni ndani, utaapa kwamba umeuziwa vitu viwili. Mtu anaandika "raba hii inaruka sana," kumbe kinachoruka ni ubao wa mjomba wake aliouazima.

Na mahali nako kunasema. Goma iko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Hewa yake ni nyepesi, na mpira mdogo kama wetu unapita humo kwa wepesi zaidi na kupinda kidogo kuliko unavyopinda Mombasa, ambako hewa ni nzito. Huku kwetu kuna msitu na unyevu. Mbao hunywa maji ya hewani ikazidi uzito, uso wa raba hushika ukungu wa asubuhi na mpira ukateleza badala ya kung'ang'ania. Aliyeipa raba tisa katika ukumbi mkavu wa Nairobi amesema kweli kwa Nairobi. Tukiinukuu tisa yake hapa bila kusema imetoka wapi, tumeisafirisha hadi mahali ambapo haina maana.

Wakati pia hubadilisha. Wapo kati yetu wanaozitaja raba za zamani kwa heshima ya mababu, na pointi zao bado zimo katika kurasa za mwanzo. Lakini mwaka 2000 mpira ulikuzwa kutoka milimita 38 hadi 40. Mwaka 2008 gundi zile zenye mvuke mkali, zilizokuwa zikiivimbisha sponji na kuipa raba kasi ya ajabu, zilipigwa marufuku. Mwaka 2014 mpira wa seluloidi ulianza kuachwa, ukaja wa plastiki, ambao ukubwa wake umezidi kidogo tena na mzunguko wake umepungua. Raba iliyosifiwa kwa gundi ile na mpira ule inaweza kuuzwa leo kwa jina lilelile, ila mambo iliyosifiwa kwayo yamekwisha kuondoka.

Haya yote ni ya vipimo, na kwa vipimo simkasirikii mtu. Nageukia sasa mambo ya moyo.

Mtu hupenda kilichomgharimu. Aliyekusanya pesa kwa miezi, akaomba kwa dereva, akasubiri, akalipa kila kizuizi, atawezaje kusema mbele za watu kwamba alichokileta ni cha kawaida? Anaandika kumi ili apate kulala. Simcheki, namhurumia. Lakini kumi hiyo ni faraja yake yeye, na gharama yake tunawatoza wengine. Tena, kumbukeni ni nani asiyeandika. Aliyeipenda raketi yake anatafuta daftari. Aliyechukizwa nayo ameitupa juu ya kabati, ameona haya, amenyamaza. Kwa hiyo daftari linajaa furaha kama kitabu cha harusi, na huzuni zimebaki majumbani.

Jambo hili si letu peke yetu. Mwaka 2016 watafiti watatu wa Chuo Kikuu cha Colorado huko Marekani, Bart de Langhe, Philip Fernbach na Donald Lichtenstein, walichukua bidhaa 1,272 za aina 120, wakalinganisha nyota ambazo wanunuzi walizipa na matokeo ya vipimo vya Consumer Reports, shirika ambalo hununua vitu na kuvijaribu kwa vyombo. Nyota na vipimo vilikubaliana kwa shida. Kilichoonekana kuwavuta watoa nyota ni bei na sifa ya jina la kiwanda. Na bado wanunuzi waliziamini nyota hizo kuliko zilivyostahili. Miaka mitatu kabla yake, wengine watatu, Lev Muchnik, Sinan Aral na Sean Taylor, walionyesha jambo ambalo mtu yeyote aliyewahi kukaa barazani analijua: maoni yaliyopewa kura ya kwanza nzuri, kwa bahati nasibu tu bila kujali yanasema nini, yaliishia na alama za juu kwa asilimia 25 kuliko yale yaliyoachwa yajiendee. Wa kwanza akisifu, wa pili anaona vigumu kupinga. Angalieni daftari: pale ambapo mkubwa mmoja wetu ametangulia kuandika tisa, hakuna mdogo aliyethubutu kuandika tano chini yake. Tunaita hiyo heshima. Kumheshimu mkubwa ni kumpisha njia, kumpokea mzigo, kumwita yaya na mzee. Si kumwazima macho yako.

Naja sasa kwenye lililo zito, na nitalisema kwa upole kwa sababu wahusika ni ndugu zangu na nawapenda. Wapo kati yetu waliopokea raba za bure kutoka kwa mfanyabiashara, kwa sharti lisiloandikwa kwamba waziseme vizuri. Wapo wanaouza wenyewe, na bidhaa wanazoziuza wamezipa kumi bila kutaja kwamba ni zao. Sitamtaja mtu wala duka. Najua maisha ni magumu, najua raba ya bure kwa kijana wa Pinga ni kama baraka iliyoshuka, na kuuza si dhambi. Bila wanaouza tungekuwa tunacheza kwa viganja. Wazee wetu walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Hapa tumekwenda mbali kuliko methali: mgema anajisifu kwa kalamu ya mnywaji. Na methali nyingine inayosema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, mnaijua. Ikiwa raba ni nzuri, kwa nini ilihitaji kukununua wewe kwanza?

Fikirini tena juu ya kile kidole kwenye ukingo wa meza. Kinaaminika kwa sababu kinamgharimu anayekiinua. Angekuwa analipwa kila anapokiinua, nani angekitazama? Neno la aliyepewa kitu linaweza kuwa la kweli kabisa, sikatai, lakini anayelisoma ana haki ya kujua limetoka kwenye mkono uliopokea. Kuficha hilo ni kuuona mpira umegusa ukingo na kunyamaza.

Nitaje kwa ufupi mambo mawili ambayo yamewachanganya wengi. Alama ya ITTF iliyo kwenye raba karibu na mpini haisemi kwamba raba ni nzuri. Inasema imeruhusiwa: unene wake, uso wake na rangi yake havivunji kanuni. Nimesoma katika daftari, "pointi kumi, imethibitishwa na dunia." Dunia imethibitisha tu kwamba hutafukuzwa mashindanoni kwa sababu ya raba hiyo. La pili ni majina ya mabingwa. Sote tulishangilia Quadri Aruna wa Nigeria alipofika robo fainali ya mashindano ya dunia kule Houston mwaka 2021, Mwafrika wa kwanza kufika hapo katika mchezo wa mtu mmoja mmoja, na tangu siku hiyo kila kijana anataka raketi "ya Aruna." Bingwa akisema anatumia kampuni fulani anasema juu ya mkataba wake pia, tena vifaa vya wakubwa mara nyingi huchaguliwa na kutengenezwa kwa ajili yao. Raba ya Hurricane 3 ya Wachina, kwa mfano, ina madaraja kadhaa, na ile ya timu yao ya taifa si ile ya pakiti ya kawaida dukani, ingawa jina ni moja.

Mtaniuliza: basi tuache kuandika? Hapana, wandugu. Mkiacha mtawaachia uwanja wenye kuuza. Ninachowasihi ni kwamba tuandike kama watu wa meza yetu.

Kwanza, vinavyopimika vipimwe, visipewe maoni. Nyota zilizochapwa kwenye mpira, moja, mbili au tatu, huwekwa na kiwanda. Zile tatu tu ndizo daraja la mashindano, nazo zikiwa zimeidhinishwa zina vipimo nyuma yake. Mnaweza kuzihakiki wenyewe. Viringisha mpira kwenye kioo kilichoinamishwa kidogo: ulio mviringo unashuka moja kwa moja, usio mviringo unayumba. Meza vilevile: kanuni inasema mpira ukiachwa udondoke kutoka sentimita 30 uruke karibu sentimita 23, na meza yote iruke sawasawa. Rula ya shule inatosha. Tumebishana miaka kama meza ya simenti ni "haraka" au "imekufa" wakati kila nyumba yenye mwanafunzi ina rula. Ubao nao upimwe uzito kwenye mizani ya wanunuzi wa dhahabu. Wapo wa kutosha huku, na watatuazima kwa kicheko. Gramu ni gramu, hazina rafiki.

Kwa vile visivyopimika, yaani jinsi raba inavyojisikia mkononi, tusiandike tarakimu tupu. Andika wewe ni mpigaji wa namna gani, umeitumia tangu lini, sponji ina unene gani, iko juu ya ubao gani, umeichezea wapi. Sema ilikotoka: umenunua, umepewa, unaiuza. Tena ilinganishe na raba moja unayoijua vizuri na ambayo wenzako wanaijua, kwa sababu "inashika mpira kuliko ile ya zamani ya shuleni" inaniambia zaidi kuliko tisa na nusu. Na baada ya miezi michache rudi uongeze mstari. Raba mpya kila mtu anaipenda; nataka kusikia ilivyo ikishachakaa.

Liko pia jaribio ambalo naomba kila kundi lilifanye angalau mara moja kabla ya mwaka kwisha. Chukueni raketi mbili, moja ya jina kubwa na moja ya bei ndogo, zenye mpini wa umbo moja na raba za rangi moja. Zungusheni kitambaa kwenye mipini, zibeni maandishi kwa karatasi na plasta, mtu mmoja asiyecheza siku hiyo azipange na kuandika pembeni ipi ni ipi. Kila mmoja apige kwa kila raketi, aseme ipi anaipenda na kwa nini, bila kuwasikia waliomtangulia. Waanze wadogo, wamalizie wazee. Kisha fungueni. Huenda jina kubwa likashinda kwa haki, na tutakuwa tumejua. Huenda pia baadhi yetu tukajikuta tumeisifu kwa moyo wote ile tuliyokuwa tukiicheka. Mzee atakayekataa kufunikiwa maandishi, msimlazimishe, lakini pointi zake zisiingie katika daftari.

Kwa wale waliopokea vya bure au wanaouza, sitaki mtu atengwe wala asemwe. Namwomba kila mmoja alifungue daftari pale alipoandika na kuongeza kwa mkono wake mwenyewe maneno machache: "nilipewa," au "nauza mimi." Basi. Hatutauliza zaidi. Atakayefanya hivyo nitamhesabu kuwa ameinua kidole, tena katika seti ngumu. Na kwa mdogo wetu wa mbuzi, naomba wale watatu walioandika kumi zile, wanajijua, wakae naye wamtafutie ubao unaomfaa. Mkono wake ni mzuri; nimemwona akicheza na raketi ya kuazima.

Daftari litatoka kwangu siku ya soko. Litapita Mpeti, kisha Kalembe kama njia itaruhusu, na walioko Goma watapelekewa nakala. Kurasa za zamani zisichanwe, maana nazo zina kazi: vijana wataona tulivyokuwa tukiandika. Kurasa mpya nimezichorea mistari, na mahali pa pointi juu ya kumi nimepaacha bila safu. Anayekuja kulichukua aje na rula yake, yangu imevunjika sentimita tatu za mwanzo.

Nisalimieni akina mama wanaotuvumilia kelele za mpira jioni, na walimu wanaotuachia darasa.

Ndimi ndugu yenu katika meza,
Pinga